Kibati cha Kwamboka

Jumatatu, 5 Julai 1971

Nimerudi kutoka Kisii kichwa kinapasuka kwa hasira. Bwana wa gati kule Kendu alishatuambia: boti isiyo na bima haipakii abiria tena. Sawa, nimekubali. Nikavaa viatu vya kanisani, nikapanda ngazi hadi ofisi ya bima, ile iliyo juu ya duka la vitambaa. Ajenti anaitwa Ogari. Kijana wa Marani, tai shingoni, Kiswahili cha kutokea puani. Akauliza mwenye boti ni nani. Mimi. Akauliza tena — mwenyewe hasa. Nikamwambia mume wangu Onsongo tulimzika mwaka juzi, mapafu, na boti hii, Kwamboka, aliniachia mimi. Akakohoa. Halafu akataka namba ya kibati.

Kibati gani?

Eti kila boti ina kibati cha chuma kilichopigiliwa ubavuni, kinasema ilijengwa na nani, lini, na mwisho wake ni watu wangapi. Nikamweleza: Kwamboka ilijengwa Kisumu na fundi mmoja Kalasinga, mwaka wa 1934, mbao za mvule, kila msumari kwa mkono wake. Vibati hivyo nani alikuwa anavijua? Mimi sikuwa nimezaliwa!

“Mama, hatukatii maneno bima,” akasema. “Bila kibati, kwetu hiyo si boti.”

Si boti! Basi hao wote iliowavusha mpaka Asembo, ng'ambo ya ziwa, walivuka juu ya nini?

Alhamisi, 8 Julai

Nimerudi tena kwa Ogari, safari hii na Asli, mwenye duka la vitambaa pale chini. Nguo za duka lake huvuka na boti yetu, na Asli hamwogopi mtu mwenye tai. Tulimwomba kitu kimoja tu: njoo uone. Gonga mbao. Ingia chini uangalie kama kuna tone la maji. Akasema kazi yake si kugonga mbao. Asli akamuuliza, kwa hiyo ukiletewa boti iliyooza yenye kibati, utaipa bima? Kijana akatazama saa yake.

Tulikunywa chai dukani kwa Asli. Nilimwaga chai kwenye kitambaa kipya cha kuuza. Asli akakikunja tu.

Jumamosi, 10 Julai

Sabato. Mhubiri alifundisha juu ya upole. Niliimba kwa meno yaliyofungwa.

Jumanne, 20 Julai

Kwamboka imefungwa gatini kama ng'ombe mgonjwa. Ndizi tulizonunua Keumbu za kuvusha zimeiva zote, zimeanza kuvuja maji, nzi wamejaa. Abiria wangu wanapanda boti za watu wengine. Wananipungia mkono!

Makori ananiambia nitulie. Huyu ni mdogo wake marehemu, ndiye anayeendesha boti. “Shemeji, hayo ni mambo ya wanaume. Niachie mimi.” Nimemwachia. Nimechoka kupanda zile ngazi.

Jumatano, 28 Julai

Sijui nianzie wapi. Nimevunja sahani.

Makori amefika hapa Suneka jioni, anacheka, karatasi ya bima mkononi. Nikaruka kwa furaha — kweli, niliruka. Halafu nikaisoma. Abiria: arobaini na watano.

Arobaini na watano! Onsongo hakupita ishirini hata siku moja. Watu ishirini na mizigo yao, basi, hata chifu alishawahi kuachwa gatini. Nikamuuliza Makori hiyo hesabu imetoka wapi. Akasema, kwenye kibati. Kibati gani? Akacheka tena. Amekinunua Kisumu kwa wauza vyuma vikuukuu, kimebanduliwa kwenye boti ya chuma iliyokatwakatwa, boti kubwa mara mbili ya yetu. Akakipigilia kwenye Kwamboka kwa misumari minne, akapaka rangi juu.

Na Ogari? Ogari alikuja Kendu! Yule yule asiyegonga mbao. Akasimama gatini asichafue viatu, akasoma kibati kwa mbali, akaandika, akaenda kula samaki.

Nilipowaambia ukweli walinifukuza. Uongo wa misumari minne umepigwa muhuri.

Na jina la mwenye boti kwenye karatasi ni Makori. Langu halimo. Hapo ndipo sahani ilipovunjika.

Ijumaa, 30 Julai

Nimemwambia Ogari waziwazi: kibati ni cha boti nyingine. Alifunga mlango kwanza.

“Mama, ulikuja hapa unalia unataka bima. Bima umepata. Sasa unataka nini?”

Nikamwambia nataka watu wasife maji. Akasema, akifa mtu, kampuni italipa, hiyo ndiyo maana ya bima. Alisema hivyo! Anatabasamu! Kisha akaniambia karatasi ni ya Makori, kwa hiyo mimi sina la kulalamikia.

Nikaenda hadi Kendu. Bwana wa gati akaisoma karatasi, akasema ni safi. Nikamwonyesha boti yenyewe, pale majini mbele yake, udogo wake. Akarudia: karatasi ni safi.

Jumapili, 8 Agosti

Jana kanisani wametangaza kwamba kwaya yetu imealikwa makambi ya Asembo, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka. Watavuka Jumatano. Na watavuka na nini? Kwamboka! Makori alisimama akapokea shukrani kama mzee wa kanisa. Kwaya, wazazi, watoto wa kubebwa, masufuria, magodoro.

Leo asubuhi nimemwendea Esnah, mwalimu wa kwaya, tumesoma naye darasa moja. Nikamwambia gawanya watu, vukeni mara mbili. Alinisikiliza akipepeta wimbi, hakuacha kupepeta. Halafu akasema kijiji kizima kinajua nina uchungu kwa sababu shemeji amechukua boti.

Ninao! Uchungu ninao, umejaa mpaka kooni. Lakini ishirini ni ishirini, niwe na uchungu nisiwe nao.

Nikamwambia aende kuzimu. Nimemwambia hivyo mwalimu wa kwaya, Jumapili asubuhi. Sijaomba msamaha.

Jumatano, 11 Agosti

Ninaandika ndani ya boti. Nisipoandika nitampiga mtu.

Nimekalia sanduku la injini. Makori hawezi kuiwasha mpaka niinuke, na siinuki. Nilifika mapema kuliko wote, nikakaa hapa, nikafikiri wakiniona watauliza maswali. Hawakuuliza. Waliingia tu, na mashati yao meupe, wakinisalimia! Nikawahesabu mpaka thelathini na sita, wengine bado wako gatini na magodoro. Na Kwamboka inashuka. Kila anayeingia, inashuka. Mstari wa rangi nyekundu ambao Onsongo alikuwa akiupaka kila mwaka siuoni tena, uko chini ya maji. Na bado hatujafungua kamba.

Nilipiga kelele. Mkono wa nani uko karibu na maji, nikawaambia, teremsheni mkono! Mama mmoja akateremsha kumridhisha mwendawazimu, vidole vikaloa bila kuinama. Akautazama mkono wake. Akambeba mtoto akashuka, hakumuaga hata jirani yake.

Makori alinivuta. Nikashika bomba la injini kwa mikono miwili, gauni likachanika begani. Akaniita mchawi wa nyumba ya kaka yake, mbele ya kanisa zima. Shemasi anasema, “Dada Tryphosa, upepo wa mchana utatukuta njiani kwa ajili yako.” Najua! Ndiyo sababu! Watoto wameanza kulia. Kuna walioanza wimbo ili nione haya, sauti zote nne, vizuri kabisa.

Makori ameenda kuita askari. Amechukua ile karatasi.

Wameacha kuimba. Wengine wanne wameshuka, kisha wawili. Waliobaki hawanitazami.

Nawaona sasa, Makori na askari wawili, wanateremka kupitia penye duka la chumvi. Mmoja ana pingu.

Esnah ameinuka alipokuwa, amepita juu ya masufuria. Nikajikaza, nikajua anakuja kunivuta. Amesimama mbele yangu, amekunja kitabu cha nyimbo.

“Sogea,” amesema.

Nimesogea. Amekaa. Sanduku ni dogo, tumebanana. Askari wa kwanza ameweka buti ndani ya boti, na maji yamepanda mpaka ukingoni, anayatazama.