Sakafu Niliyoisiriba Ugenini

Uingereza, 14 Juni

Mama mpendwa,

Mwaka wa pili unaisha tangu niondoke kwetu Kosele, na wa tatu tangu tukuzike kando ya nyumba yako. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na hapa sina wa kumwambia.

Kazi yangu ni kuchimba. Kijijini hapa zitajengwa nyumba mpya, lakini sheria inataka kwanza udongo ufunuliwe polepole, ijulikane nani aliishi hapa zamani. Tunapata vigae vya vyungu, mifupa ya kondoo, mashimo ya nguzo. Wiki iliyopita tulifikia sakafu ya udongo ya nyumba ya kale, masizi ya jiko bado meusi katikati. Msimamizi, mama mmoja mwenye mvi, akaniambia niisafishe ipigwe picha. Nikaleta maji, nikapiga magoti, nikailainisha yote kwa kiganja, kama ulivyonifundisha kusiriba sakafu yetu. Nilikusikia kabisa: "Okoth, ukikanyaga kabla haijakauka utalala na mbuzi!"

Msimamizi alipiga kelele. "Umefuta kila kitu!" Kumbe alitaka vumbi litolewe kwa brashi tu. Mwenzangu Mpolandi akacheka: "Ungepaka na rangi basi."

Hayo ningeyasahau. Lakini jioni hiyo mdogo wangu Otieno akapiga simu. Anataka kuangusha nyumba yako alime mahindi mpaka karibu na kaburi. Nikamwambia kwetu nyumba ya mama huachwa ianguke yenyewe.

"Omera, ndugu yangu, wewe uko Ulaya," akasema. "Mimi ndiye nafukuza nyoka humo. Watoto watakula ukuta?"

Ana haki, na hilo linaniudhi zaidi.

Hapa watu wazima wanabishana kutwa mwanamke wa nyumba ile ya kale, wasiyemjua jina, alilala upande gani wa jiko. Wewe najua ulilala wapi, na hakuna aliyeandika. Nao wakishapima na kuchora, wajenzi watamwaga zege juu ya yote. Wachimbaji hawazizuii nyumba mpya. Wanakataa tu kufukia kabla ya kutazama.

Kwa hiyo nimempigia Otieno tena, nikamwomba asiguse kitu mpaka nifike.

"Desemba," akasema. "Ikipita Desemba nalima."

Mkataba wangu unaisha Novemba. Nitafika wiki ya kwanza ya Desemba, nipime kila chumba, nichore mtungi ulikaa wapi na kitanda wapi. Kisha tutaibomoa pamoja, na wa kwanza kushika jembe nitakuwa mimi.

Mwanao wa kwanza,
Okoth