Vidole Gumba Vinne

Skerjavík, 9 Oktoba 1978

Mwanangu Dýrleif,

"Mtu mwenye akili timamu hafumi glavu yenye vidole gumba viwili." Uliniandikia hivyo mstari wa tatu, kabla hata ya kunijulia hali. Basi nami nayatanguliza maneno hayo kabla ya salamu, tuyamalize yakiwa bado ya moto.

Kwanza, si yako. Nimekulea mimi, na katika miaka thelathini na mbili sijawahi kukusikia ukitamka neno "timamu". Hilo ni neno la mumeo. Ketill ni daktari wa meno, na sina habari ni lini akili ya binadamu ilihamia kwenye magego hata yeye akawa mpimaji wake. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkwe wangu ana upara.

Pili, nilituma jozi mbili, moja ya Ylfa na moja ya Kolbeinn. Sufu ni ya kondoo wangu. Nilizifuma kubwa, kisha nikazikanda kwenye maji ya moto na sabuni mpaka zikasinyaa na kuwa nene, upepo wa huko kwenu usipate pa kupenya. Kila glavu ina chumba kimoja cha vidole vinne, na vidole gumba viwili, kimoja huku na kimoja huku. Ingekuwa glavu moja, ungesema bibi alisinzia. Lakini ni glavu nne, Dýrleif! Mtu anayekosea mara nne, mahali pale pale, kwa idadi ile ile ya vitanzi, huyo hajakosea, huyo amekusudia. Sijui huko benki wanakuajiri kuhesabu nini.

Kazi ya kidole gumba cha pili sitakueleza. Mtu aliyezaliwa Skerjavík akiuliza swali hilo, aibu ni yake. Wavishe watoto wiki mbili, macho yako yatakujibu.

Tatu, ile fomu ya makao ya wazee uliyoichomeka ndani ya bahasha, "usome tu, Mama, si lazima", nimeisoma. Nimesahihisha makosa matatu ya sarufi kwa wino mwekundu, nami nairudisha.

Simu sipigi kwa jambo hili. Unaijua laini yetu, nyumba tisa uzi mmoja, na Bera wa shamba la pili hunyanyua ya kwake kabla sijasema haloo. Juzi nilimsikia akipuliza chai.

Haya, sasa salamu. Mimi mzima. Goti linanung'unika ila linatembea. Kondoo wote tisini na wawili wameshuka milimani. Nyinyi hamjambo? Kitoto Æsa ameota jino? Kama ameota, Ketill asije akamwuliza maswali ya akili.

Mama yako


Reykjavík, 21 Oktoba 1978

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na pole ya goti. Sisi wazima, ila Æsa ana mafua na meno mawili. Naandika nimesimama, yeye begani, uji jikoni unaungua.

Mama, umeandika kurasa mbili za matusi na hukuandika mstari mmoja wa maelezo. Mimi sina nafasi ya mafumbo. Asubuhi zangu ziko hivi: saa mbili kasoro dakika ishirini watoto wawe wamevaa, saa mbili wawe chekechea, saa mbili na nusu mimi niwe dirishani benki. Ketill anatafuta funguo alizozishika mkononi. Katikati ya hayo Ylfa akaichukua glavu yako, akapiga kelele, "Mama, ina pembe!" Kolbeinn alivaa yake siku moja tu. Watoto wenzake wakamwita kaa, wakatembea ubavuubavu mbele yake uwanja mzima. Alirudi analia.

Kwa hiyo nilichukua mkasi. Kila glavu nimeikata kidole kimoja na kushona tundu. Sasa zinavalika, ingawa kila asubuhi ni vita: hii ya kulia, hii ya kushoto, hapana Kolbeinn, umegeuza, toa, ingiza, toa tena. Nikimaliza wa kwanza, wa pili ameshavua. Tafadhali usikasirike.

Kuhusu makao, Ketill amezungumza nao. Kitanda kinashikiliwa hadi tarehe 15 Desemba. Si adhabu, Mama. Mwaka jana ulifukiwa na theluji siku kumi na moja, tukajua baadaye kwamba ulikuwa unachoma vigingi vya uzio ili upate moto. Na Agosti ulinipigia simu ukaniita Oddrún, mara mbili. Mimi naogopa. Hata glavu zisingekuwepo, ningeogopa.

Watoto wanakusalimu. Kolbeinn ameuliza kama bibi naye ana vidole gumba vinne.

Mwanao,
Dýrleif


Skerjavík, 4 Novemba 1978

Dýrleif,

Umekata.

Kalamu ilikuwa mkononi, mwanangu. Nilipoona habari ya Kolbeinn na wale watoto, nilianza kukuandikia maelezo yote, kwa upole, kama mama wa kwenye kalenda. Kisha nikafika kwenye neno "mkasi". Nimeichoma karatasi ile. Ilitoa moto mzuri kuliko kigingi.

Tuzungumze kuhusu kigingi, basi. Nilichoma vigingi vitatu vilivyooza ambavyo ningevichoma kiangazi. Mtu anayejua kipi cha kuchoma na kipi cha kuacha siku ya kumi ya dhoruba ndiye mnataka kumlaza kwenye chumba chenye kengele ya kuitia uji! Na Oddrún, ni kweli nilikuita jina lake. Dada yangu alikuwa na sauti fulani ya pua alipotaka kunipangia maisha. Niliisikia kwenye simu, nikaijibu.

Nilidhani aibu itaishia kwenye bahasha. Kumbe mkwe wangu, msomi, alipiga simu kwa mnunuzi wa kondoo aliye huku kwetu, kwa laini ya bonde, mchana kweupe! Kesho yake Bera yuko mlangoni na keki.

"Salvör, mpenzi, pole."

"Pole ya nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nasikia tu unahamia mjini... kwa ajili ya... unajua." Akagusa kichwa chake.

"Kipi, nywele? Umezipaka rangi mbaya, ndiyo, nimeona."

"Nilikuwa nawaza tu wale majike ishirini wenye sufu nyeupe. Itakuwa vizuri wakibaki bondeni."

Keki nikaipokea. Nikaila mbele yake yote, bila kumkaribisha, naye amesimama. Lakini sikiliza, Dýrleif. Tangu siku hiyo hakuna anayenijibu kama mtu. Wananijibu kama wanavyomjibu mtoto aliyeleta mchoro. Kwenye mkutano wa wafugaji nilisema chakula cha majira ya baridi hakitatosha, na nilikuwa na hesabu, wakatikisa vichwa wakitabasamu. Miaka arobaini wamenichukia kwa heshima. Sasa wananipenda. Hilo siwezi kulivumilia.

Kuhusu glavu, jibu ulilala nalo shingoni mwako miaka sita. Kamwulize Lulla. Na usiniandikie tena mpaka ujue ulichokata.

Mama yako, bado


Reykjavík, 28 Novemba 1978

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itawahi meli ya pwani. Tumesikia barabara ya kwenu imefungwa. Una kuni? Goti je? Sisi wazima. Nilitaka kuandika mapema, lakini ulinikataza, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimekutii.

Chekechea ya watoto ina mpishi, mama mmoja wa pwani ya mashariki anayeitwa Jóreiður, mikono yake mikubwa kama majembe. Wiki iliyopita nilikuta ameishika glavu ya Ylfa dirishani, anaigeuza kwenye mwanga.

"Nani kaikata hii?"

"Mimi," nikasema. "Ilikuwa na kasoro. Vidole gumba viwili."

"Kasoro!" Alicheka mpaka akashika meza. "Haya jamani, njooni mwone mtu aliyemkata farasi miguu miwili kwa sababu alikuwa nayo minne! Dada, marehemu baba yangu alivuta makasia na glavu kama hizi. Kiganja kikichakaa au kikilowa, unageuza. Kidole gumba cha pili kinakusubiri upande wa pili, na glavu ni mpya."

"Hawa si wavuvi. Wana miaka minne."

"Ndiyo nakwambia! Mtoto wa miaka minne anajua kulia na kushoto? Glavu hii haina kulia wala kushoto. Unachota yoyote kikapuni, unaingiza mkono wowote, kwaheri, nje. Wewe kila asubuhi nakuona hapo mlangoni unapigana mieleka na watoto wako. Aliyezifuma hizi alikuwa amekuona kabla yangu. Ni nani?"

"Mama yangu."

Akaacha kucheka. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi kaombe radhi, na uwahi. Watu wa namna hiyo hawangoji."

Nikaenda kumtoa Lulla kwenye sanduku. Nilikuwa na hakika, Mama, maisha yangu yote, kwamba ulinitengenezea mdoli: kichwa cha mviringo, mikono miwili midogo, na macho ya vifungo. Nikafumua mshono wa chini, nikatoa sufu iliyojazwa, nikaingiza mkono wangu. Ukaenea. Kiganja cha upande mmoja kimekwisha, kimelika kwa kasia, uzi umebaki kama utando. Upande wa pili ni mpya kabisa. Nilikaa sakafuni mpaka uji ukaungua tena.

Ni ya Baba, sivyo? Iko wapi ya pili?

Nami nina neno. Ulijua. Sentensi moja ingetosha: "Mwanangu, zinageuzwa." Ukaniandikia barua mbili za radi na sentensi hiyo ukainyima. Kama ningekuwa mgeni, ungenieleza.

Vile vidole vinne ninavyo. Ylfa amewavika wanasesere wake kama kofia.

Kitanda bado kipo. Ketill anasema glavu ni glavu na theluji ni theluji, tarehe 15 atatia sahihi. Mimi mezani hukaa kimya. Sijui niseme nini ambacho hatakiita huruma.

Mwanao,
Dýrleif


Skerjavík, 6 Desemba 1978

Mwanangu Dýrleif,

Salamu kwanza, maana safari hii umezistahili. Kuni zipo, goti lipo, meli ilileta barua yako pamoja na ngano na gazeti ambalo halijachapisha hoja yangu kuhusu bei ya sufu. Mhariri ni mwoga. Æsa aendelee kukua, na uji uukoroge kwa moto mdogo.

Ni ya baba yako. Ásmundur alikuwa mvuvi mbaya kuliko wote waliowahi kushika kasia kwenye ghuba hii. Alivua msimu mmoja tu, ulipokuwa na umri wa hao mapacha. Siku aliyoambiwa na wenzake ageuze glavu, alizivua zote mbili kwa pamoja, kwa madaha, moja ikaanguka baharini. Badala ya kuiacha, akainama kuifuata, mashua nzima ikamcheka. Akarudi na moja. Nilimfokea kutoka ufukweni mpaka jikoni. Glavu moja haimfai mtu, nikaijaza sufu, nikaishonea macho, nikakupa unyamaze. Ulipoiita mdoli sikukusahihisha. Yeye naye hakutaka isahihishwe, alikuwa na haya. Kwa hiyo binti wa nyumba hii alikua bila kujua glavu ya baharini, na kosa hilo ni letu.

Na ile sentensi. Ni kweli, nilikuwa nayo nikainyima. Nilitaka ujue bila kuambiwa. Ni kiburi, si kusahau. Mwambie Ketill aandike hivyo kwenye fomu, mahali pa "dalili", na aandike pia kwamba ninayo tangu nilipozaliwa, mwaka wa 1915.

Kuhusu hofu yako sitakutukana. Siku kumi na moja ni nyingi. Kwa hiyo nimekubali jambo. Kijana wa posta atapita kila Jumatano akiteleza thelujini kwa skii zake, na nisipofungua mlango ana ruhusa ya kuuvunja. Mlango nitamtoza.

Lakini kitanda hicho hapana. Hutaiuza akili yangu kwa sababu ya ukimya wa mezani kwenu. Unasema hujui useme nini asikiite huruma. Nitakupa maneno, na hapa nadai, siombi.

Ketill: kabla ya tarehe 15 vaa glavu ya Ásmundur, upande uliochakaa, kisha uigeuze, kisha uniandikie kwa mkono wako mwenyewe mtu timamu angefuma nini.

Ylfa na Kolbeinn: wavueni wanasesere kofia, mpeni mama yenu vile vidole gumba vinne, na msimwache akae mpaka amevishona vyote. Atakayewaita kaa, mwambieni kaa ana mikono miwili na hakuna hata mmoja unaopata baridi.

Nawe, Dýrleif, uliyeshika mkasi: usiniandikie barua. Jumapili saa nane mchana, bonde zima likiwa limemaliza kula na liko karibu na simu, nipigie. Nipigie kwenye laini yetu hii hii. Ngoja mpaka usikie Bera anapuliza chai. Kisha sema, kwa sauti yako na si ya pua, kwamba kitanda kimefutwa, kondoo hawauzwi, na mama yako ana akili zake. Sema mara mbili. Wa nyumba ya mwisho masikio yake mazito.

Mama yako