Msomaji Wangu wa Kwanza

Mwenzangu, uko? Nimeumbuka leo, uso sijui nitauweka wapi.

Ile blogu ya ushonaji niliyokuambia. Asubuhi nzima nachagua muundo wa ukurasa, ile iliyokwisha kutengenezwa. Mmoja rangi zake zinaumiza macho, mwingine maandishi kama sisimizi. Nikapata wa kijani, umetulia. Nikaubonyeza.

Sijaandika hata neno, naona chini kuna maoni! "Habari za leo? Tuambie, unaendeleaje?"

Mtu! Kwenye blogu yangu!

Basi nikamjibu. Wee, nilifunguka. Nikamweleza kwamba tangu tumzike mama nyumba imepooza, siku nyingine naongea na cherehani. Nikamuuliza na yeye anakaa wapi.

Halafu kwa kimbelembele changu nikayapiga picha hayo maoni, nikaitupa kwenye kundi la familia: "Nimepata msomaji!"

Wote wameiona. Ila mume wa dada, yule fundi kompyuta, ndiye akaandika: "Shemeji, hayo maoni yanakuja na muundo. Ni ya mfano tu. Kila anayeuchukua anayakuta."

Ya mfano! Na mimi nimemuuliza anakaa wapi! Mbele ya ukoo mzima!

Shemeji akanielekeza pa kufutia. Jibu langu nimelifuta mbio mbio. Kufika kwenye yale maoni, kidole kikagoma. Nimeyaacha palepale.

Usinicheke. Tangu niamke leo, hakuna mwingine aliyeniuliza habari.