Jua la Mama Mbuke

Jumamosi, 30 Novemba

Jumuiya ya kanisa leo kwangu. Chai mapema. Mama mkwe kajikalisha pembeni anatutazama kama kawaida yake. Kanisani haendi, lakini kila neno letu analo.

Katekista kaja na jambo jipya: wiki hizi kila mtu aombe shida ya mwenzake, ya kwake amwachie mwenzake. Nimepangwa na jirani yangu Mama Mbuke. Nikataja langu: mvua. Ile ya kwanza ilitudanganya, nikapanda mtama, mbegu yangu ya mwisho. Mtama ukifa, Baba Kulwa anataka tumfuate Rwamgasa, mimi na watoto, tukaponde mawe ya dhahabu. Sitaki.

Mama Mbuke akataja lake: jua. Wenzake walichoma matofali zamani, yake bado mabichi. Yakinyeshewa kabla ya kuchomwa yanarudi udongo, na nyumba ndiyo basi.

Watu wamecheka mpaka katekista akavua miwani. Mpango wake hakuubadilisha. Najiuliza huko juu wanatupokeaje.

Walipoondoka mama mkwe akaniambia tunaingia kwa Mungu wetu tukidai tu. Yeye mtu akija kuomba chumvi bila hata salamu ya mwangaluka, anamrudisha. Nikamwambia Mungu si jirani. Akasema basi ndiyo maana tunapiga kelele vile.

Jumatatu, 2 Desemba

Asubuhi nimeomba jua. Neno limetoka, mimi sikutoka nalo. Nilipofika shambani nikaomba mvua kimyakimya.

Sasa anachukua lipi? La mdomoni au la tumboni? Ningemuuliza padri, lakini atasema ni fumbo.

Mtama umechomoza, vijani vyembamba. Mawingu yalijikusanya upande wa Geita, yakapotea. Nimekasirika. Nikafurahi kidogo kwa ajili ya Mama Mbuke, kisha nikakasirika tena.

Jumatano, 4 Desemba

Nadhani naye ananidanganya. Nani ataomba mvua na matofali yake yako wazi? Mimi nisingeweza.

Nimemchunguza kisimani. Haoneshi kitu. Kaniuliza mtama unaendeleaje, nikalalamika, akasema Mungu si Athumani. Nimemjibu kwa mkato. Roho mbaya tu.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimeenda mapema kwa Mama Mbuke kuazima jembe. Nikamsikia nyuma ya matofali yake, anaongea peke yake kwa Kisukuma. Anamtajia Mungu shamba langu. Anamwelekeza kabisa: ng'ambo ya korongo, lile lenye kichuguu, kana kwamba Mungu atapotea njia. Akawataja wanangu Kulwa na Doto kwa majina. Mvua, Baba, hata leo hii. Na mkono kauweka juu ya tofali bichi.

Nimerudi bila jembe. Aibu imenishika.

Nikapiga magoti jikoni nikaomba jua. Safari hii kweli. Nililia, maana nilijua ninachoomba.

Jumatatu, 9 Desemba

Mama Mbuke kawasha tanuri. Jua kali, wingu hakuna. Nimemsaidia kubeba kuni, kaimba siku nzima. Nami nimefurahi, ajabu, furaha yenyewe hasa.

Jioni nikapita shambani. Majani yamejikunja.

Alhamisi, 12 Desemba

Mtama umekufa. Nimeng'oa mche mmoja, mzizi mkavu kama uzi.

Baba Kulwa kapiga simu: fungeni mizigo, njooni. Nimesema nitamjibu.

Sijasali. Nimemnunia Mungu, na ninaandika hapa ajue. Ombi la Mama Mbuke kalisikia vizuri, tena kutoka mdomoni mwangu mimi mwenye roho mbili. Langu limeombwa na mwenye moyo mweupe kuliko mimi, kaliacha. Kwa nini? Siulizi kwa ubishi. Nataka kujua.

Ijumaa, 13 Desemba

Sijasali. Nyumba imekuwa kimya. Mama mkwe kaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama Mbuke kaja na ndoo ya mbegu ya mtama, akiba yake mwenyewe. Kainamisha kichwa kama mwenye kosa. Eti maombi yake hayakufika, basi kaona alete hii.

Nikamwambia ile asubuhi nilimsikia. Akaisogeza ndoo karibu yangu. Tukakaa tu, mama mkwe akatuletea uji bila kusema neno, jambo ambalo si lake.

Nimempigia Baba Kulwa. Tunapanda mara moja tena, habari ya Rwamgasa ikae kwanza. Kaguna, kisha kakubali.

Jumatatu, 16 Desemba

Tumepanda, sisi wawili, udongo mkavu. Mama Mbuke katangulia kurudi. Mimi nikabaki pale kwenye kichuguu.

Sikujua nianzie wapi baada ya kununa vile. Nikasema mwangaluka, kama ninavyomwamkia mtu mzima njiani. Nikamuuliza habari za huko kwake, wameamkaje. Nikampa za kwetu: watoto, mgongo wa mama mkwe, nyumba ya Mama Mbuke ilipofikia. Halafu nikanyamaza, maana ukishasalimia unasubiri. Palikuwa na upepo tu. Sikuona vibaya. Nilikaa mpaka jua likaanza kuchoma.

Nimefika nyumbani, nimenawa mikono, ndipo nikakumbuka kuwa mvua sikuitaja.