Kinini za Shingo

Kasongo, Ramazani ikiwa karibu, 1956

Kwako mama yangu mupenzi, huko Wamaza,

Pokea salamu za binti yako Mwamvita, anayekuwaza asubuhi na mangaribi. Uko namna gani, mama? Miguu ingali inavimba? Usingizi wa muchana umeisha kweli, ao yaya Bulaimu ananidanganya ili nisilie? Na ule mbuzi mweupe amekwisha kuzaa? Sisi hapa tuko wazima. Bwana yangu Kassimu yuko kwenye sherehani yake anashona kama kawaida, anakusalimu sana. Watoto wanakula kama nzige. Mimi pia niko muzima, ni moyo tu ndio hautulii, na sababu yake utaisikia.

Yaya Bulaimu, kaka yangu unayemusomea mama, aksanti sana. Najua watu wamejaa hapo, maana barua ya Kasongo ni karamu ya lupango nzima, nyumba zote za uani. Soma kwa sauti mpaka nitakapokuambia simama.

Mama, niliposikia kwamba ulitwanga mupunga mwenyewe, kisha ukamugombeza Bulaimu kwa shamba la karanga aliloliacha likajaa majani, nilicheka mpaka jirani wakaja kuuliza kuna nini. Nikawaambia mama yangu amegomba! Hawakuelewa, maana hawakukuona mwaka jana. Wewe uliyekuwa ukiamusha majogoo, ulikuwa unalala na jembe mukononi. Jua la saa sita linawaka, na wewe umejifunika blanketi unalia baridi. Uso umevimba, nyushi zimeanguka, sauti imekuwa nzito kama ya mwanaume, na mutoto wangu ulimuita kwa jina la dada yako aliyekufa zamani. Wengine walisema umerogwa. Wengine, Mungu awasamehe, walisema ni uvivu wa uzee. Uvivu, wewe! Hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

Ulipokuja hapa Kasongo hukusikia mengi, ulikuwa umesinzia kwenye benchi, kwa hiyo nikueleze. Munganga muzungu alikushika shingo, akakuangalia ulimi, akasema kuna kitu kidogo ndani ya shingo kinachoupa mwili moto na nguvu, na chako kimechoka. Akasema dawa iko. Nikashukuru Mungu hapo hapo, kumbe nilifanya haraka. Aliniuliza baba anafanya kazi kwa kampuni gani. Nikajibu ni marehemu, alikuwa mulimaji. Akatikisa kichwa, akasema zile chache walizonazo ni za wafanyakazi na familia zao. Akaniandikia karatasi ili nikanunue mwenyewe Bukavu.

Tuliandika Bukavu. Jibu lilichelewa mpaka nikakata tamaa, kisha likaja na bei. Mama, pamba yote ya yaya Bulaimu ya mwaka ule isingenunua chupa mbili! Na dawa hii si ya kunywa ukapona ukaacha, ni ya kumeza maisha yote. Kassimu, mutu mwema yule, akasema atauza sherehani. Nikamukatalia, maana tungekula nini? Nilirudi kwa munganga kumuomba, nikaambiwa kesho, na kesho yake nikaambiwa kesho tena. Mwisho mulinzi alinijua hata akawa ananiuliza habari za watoto.

Ndipo nikaenda kwa masera, wale watawa wanawake, kwenye dispensere ya misioni. Masera Louise alisoma ile karatasi, akaniambia ndugu yake wa Ulaya anamutumia kinini, vidonge vya ugonjwa huu huu, katika kopo. Alinipa, nikamupelekea mayai na kuku mumoja, akasema inatosha. Ndizo hizo umekuwa ukimeza.

Sasa yaya ameniandikia neno lililonikosesha usingizi. Eti unamugawia Mama Amisa, bibi ya Mwalimu wa musikiti, kwa sababu naye analalamika uchovu. Ee mama, huruma yako itatuua! Muambie aache leo leo. Huo moyo unaomuenda mbio na mikono inayotetemeka, alivyoandika yaya, ni hizo kinini. Shingo yake haina kosa, amechoka kwa sababu ana watoto wengi na bwana asiyechota maji. Na wewe kinini ni moja tu kila asubuhi, usiongeze, usipunguze.

Yaya Bulaimu, simama hapa. Waambie watu salamu zimeisha, waende salama. Funga mulango. Hata bibi yako, mama ya watoto wako, atoke, nitamuomba radhi nikija. Sasa musomee mama polepole.

Mama, masera Louise hakunificha. Aliniambia kinini hizi zinatengenezwa na kile kitu cha shingoni cha nyama anayechinjwa, kinakaushwa na kusagwa. Za Bukavu ni za kondoo. Zake ni za nguruwe. Aliniuliza kama mama yangu, aliye Muislamu, atakubali. Nikamujibu ndiyo, amekwisha kukubali. Ulikuwa umelala nje kwenye kivuli cha ukuta, mate yanakutoka, na nzi wamekaa usoni, hukuweza hata kuwafukuza.

Nilikuambia ni dawa ya Wazungu tu. Nilimuzika baba, mama. Sikuweza kukuzika na wewe ungali unapumua.

Juzi nilikwenda kwa shehe mumoja muzee hapa, nikamueleza yote nikilia. Aliniuliza kama hakuna dawa ingine. Nikasema iko, lakini ni ya wenye uwezo. Kisha akasema Mungu hamufungii mulango mutu aliyebanwa, lakini mugonjwa asikie kwa masikio yake mwenyewe, maana hakuna mutu mwenye ruhusa ya kuficha kinachoingia kinywani mwa mwenziwe. Nikatoka pale nikiwa na aibu, na sasa kwa kuwa mpaka bibi ya Mwalimu amemeza, siwezi kunyamaza tena.

Ulipokuwa hujui, zambi ilikuwa yangu peke yangu, na niliibeba. Sasa unajua. Nimekutwika jambo zito, nisamehe. Kopo jipya liko mukononi mwa Zéphirin, dereva wa kamio, pamoja na barua hii. Ni za masera, zile zile. Ukilirudisha nitalipokea bila neno. Nitafunga mizigo, nitakuja Wamaza kukaa karibu yako, nitakufukuzia nzi, na nitaitika kwa jina lolote utakaloniita. Lakini ukimeza, mama, unigombeze. Unigombeze mwezi muzima, mbele ya watu, unitukane hata mbele ya Kassimu. Nataka kusikia sauti yako.

Nisalimie shangazi, nisalimie watoto wa yaya, na Mama Amisa umupe pole yangu. Lile la nguruwe umuambie wewe ukiona vema, mimi namuogopa bwana yake. Kassimu amekutumia kitambaa cha kanga kwa ajili ya sikukuu. Mungu akuweke.

Ni mimi mutoto wako asiyekuwa na mama mwingine,

Mwamvita