Uso Anaoujua Velo

Mahajanga, Jumatatu

Dada Soazara,

Hatujambo. Kuku ametotoa sita. Ila krimu yako ya kung'arisha uso, dada! Uliniambia niache kujipaka masonjoani, ule uji wa manjano wa mti uliosagwa, eti ni wa kishamba, nami nikaacha. Sasa uso umenichubuka, na Velo wangu tangu jana hanyonyi. Nikimpakata analia kama ameshikwa na mgeni.

Mama mkwe akanicheka: "We mjinga! Tangu azaliwe anaamka na uso wa manjano. Huyu mwekundu amjue wapi?"

Nimechoka mimi! Leo nikausaga mti kwenye jiwe, nikajipaka, mashavu yakipoa. Velo akanikodolea macho, kisha akashika ziwa.

Mume wangu, aliyeko kazini huko kwenu, akija kukuuliza kama nimeshakuwa mweupe, mwambie mwanawe ameshiba.

Mdogo wako akupendaye,
Zafisoa