Usukani Mpya wa Mashine ya Baba

Atelie ya Shari,
Bunia, Ituri.
Tarehe 17 Agosti 2003.

Mpendwa yaya Fiacre, mkubwa wangu,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Isidore, aliyebaki na funguo za nyumba mbili, yako na yangu. Mgongo wako unaendeleaje huko Hoima? Na shemeji Espérance, kile kikohozi kimemtoka? Abdoul, anayevuka ziwa na bidhaa zake, aliniambia mlinyeshewa njia nzima mlipovuka ziwa, na kwamba tangu hapo shemeji anakohoa. Namtaja kila ninapoomba. Hujaniandikia tangu mwondoke, lakini silaumu. Najua ugenini hata karatasi inatafutwa.

Mimi mwilini ni mzima. Malaria ilinishika mwezi uliopita, ikaniachia, imeondoka na nyama kidogo za mashavu. Usiwaze.

Moyo ndio hauko sawa. Prudence wangu na watoto wetu wapo Beni kwa shangazi yake, walifika salama, Mungu asifiwe, na anasema hawatarudi kwanza mpaka aone shule zinafunguliwa. Kwa hiyo napika bugali peke yangu, na kila siku napika mwingi mno, kwa sababu mkono wangu haujajua kupika wa mtu mmoja. Kesho yake nakula kiporo na sombe ile ile ya majani ya mihogo. Nimekuwa mtu wa kuongea na sufuria. Ungeniona ungecheka, kisha ungenihurumia.

Mji umetulia kidogo tangu askari wa kizungu waje. Wanapita kwenye boulevard na magari yao, na watu wa Shari wameanza kurudi kulala majumbani mwao. Soko linafunguliwa, ingawa chumvi na sabuni bado ni vya kuviangalia tu. Kanisani kwaya ina sauti za juu nyingi, za chini hakuna. Nimebaki mimi na muzee Michel, naye anasinzia katikati ya wimbo. Nyumba yako imesimama. Mabati ya jikoni yamekwenda, mlango wa mbele upo. Nimefagia uani mwako Jumamosi, nikafunga tena.

Sasa habari ya atelie, karakana yetu, ambayo najua ndiyo unayoitafuta katika barua hii tangu mstari wa kwanza. Waliingia mwezi wa tano, wiki ile mliyokimbia. Sikuwepo, nilikuwa nimejificha na wengine karibu na uwanja wa ndege. Walichukua mashine ya kuchomelea, misumeno, patasi, hata pazia la Prudence. Walichukua pied à coulisse yangu, kile kipimo cha milimita, pamoja na sanduku lake la mbao. Sijui wanapima nini nayo. Mashine ya kukereza ya baba walishindwa kuibeba. Walifungua bolti moja ya mguu, wakaona uzito wake, wakaiacha. Mazut, mafuta ya mota, waliimwaga chini, basi tu. Niliporudi nikaikuta imesimama peke yake katika chumba kitupu, nikaipiga kofi la bega kama unavyompiga ndugu.

Niliifunga bolti ile, nikangoja kazi. Kazi ikaja, na ingekuwa heri isingekuja namna ile.

Unamkumbuka Mama Suzanne mwenye mashine ya kusaga pale karibu na kisima. Shafti yake ilikatika, ile nondo nene inayozungusha nyundo za kusagia ndani. Bila mashine ile, wanawake wa Shari wanabeba mihogo yao mpaka ng'ambo ya mto, na njia ile si njia ya mwanamke mwaka huu. Denise wa kwaya alikwenda huko na beseni la mihogo. Alirudi bila beseni na bila viatu, na mpaka leo hajasema kitu kwa mtu yeyote. Hakuimba tena. Kesho yake Mama Suzanne akaja kwangu na vipande viwili vya shafti mkononi, akaviweka mbele yangu.

Chuma nilikipata kwenye lori lililoungua njia ya Marabo, nondo ya mhimili wa nyuma. Ilitosha shafti mbili, haikuzidi.

Yaya, unajua tulivyokuwa tukifanya. Wewe ulijifunza Uganda kwenye mashine za inchi, mimi nilijifunza hapa kwa milimita, na mashine ya baba ni ya Kiingereza na kichwa chake ni kigumu cha Kiingereza. Wewe kwenye usukani wa mkono unaosogeza kisu cha mashine, mimi nimeinama juu ya chuma na kipimo changu. Baba alikuwa amekwisha kukata maneno tangu zamani kwamba sifuri ni ya mkubwa: "Mukubwa njo anatia zéro." Hakuna kazi iliyoanza kabla hujaleta usukani kwenye sifuri na kusema "Zéro", na mimi kujibu "Zéro." Halafu nilikuambia kwa milimita, wewe ukageuza kichwani mwako, mkono ukazunguka, chuma kikatoka sawa. Miaka yote ile sikujua hata mara moja mistari ya usukani ule inasema nini. Kwa nini nijue? Ulikuwapo.

Basi nikasimama peke yangu mbele ya mashine, kwanza upande wangu, kwa mazoea, kisha nikahamia upande wako. Pale panapokaa roulement, yaani beringi, shafti inataka milimita ishirini na tano kamili, na nondo ilikuwa ya arobaini. Natoa saba na nusu kila upande. Nilikukumbuka ukisema "tour moja, mbili na nusu". Mzunguko mmoja wa usukani, milimita mbili na nusu. Nikahesabu mizunguko mitatu, nikaila nondo kidogo kidogo mpaka mizunguko ikatimia. Nikachukua roulement nijaribu. Ikaingia yenyewe, ikacheza huku na huku, ikateleza mpaka mwisho kama pete ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto. Chuma kilikuwa kimekonda karibu robo ya milimita. Kimekufa.

Nikakaa juu ya ndoo nikalia. Nakuambia wewe tu. Sikulia kwa ajili ya chuma peke yake.

Nilipomaliza kulia nikapiga hesabu kwa mkaa ukutani. Skrubu ya mashine ina nyuzi kumi kwa inchi moja, na inchi ni milimita ishirini na tano nukta nne. Kwa hiyo mzunguko mmoja si mbili na nusu. Ni mbili nukta hamsini na nne. Ukiihesabu mbili na nusu, kila mzunguko unakula zaidi ya ulichotaka, na mizunguko mitatu imetosha kuua kazi. Wewe ulilijua hilo vizuri. Ulisema "mbili na nusu" kwa mdomo, na mkono wako ukasimama unywele mmoja kabla mzunguko haujatimia. Mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili, sikuwahi kutazama vidole vyako. Natamani ningevitazama.

Kilibaki kipande kimoja cha nondo. Pied à coulisse hakuna, na katika Bunia nzima hakuna wa kuniazima, nimeuliza mpaka nimechoka. Nikaona kwamba usukani wenyewe ndio lazima uwe kipimo changu, na lazima uongee lugha yangu. Ukigawa milimita moja mara mia, kila sehemu ni centième, na mzunguko mmoja ni centièmes mia mbili hamsini na nne. Nikipata gurudumu lenye mistari mia mbili hamsini na nne, kila mstari ni centième moja, mambo yamekwisha. Lakini nani atagawanya duara hivyo kwa macho na penseli?

Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba nawaza hilo, bugali umepoa, macho yakaangukia msumari ambao Prudence hutundikia utepe wake wa kupimia nguo. Hakwenda nao. Aliondoka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, angekumbuka utepe saa ngapi. Na utepe wa cherehani, yaya, umekwisha kugawanywa milimita kwa milimita na watu wenye mashine bora kuliko sisi. Sentimita ishirini na tano na milimita nne ndiyo mistari mia mbili hamsini na nne. Kilichobaki ni kutengeneza gurudumu ambalo utepe ule utalizunguka na kukutana na mstari wake wa kwanza.

Nikachukua pistoni ya lori lile lile, nikakata kichwa chake, nikakikereza kiwe mviringo. Nilitoa kidogo, nikasimamisha mashine, nikazungushia utepe, nikatazama. Mstari wa mwisho umepungukiwa, bado gurudumu ni nene. Nikatoa tena, nikazungushia tena. Kila mara nilikuwa nasema namba kwa sauti, na baada ya kusema nilikuwa nangoja. Nilijishika nikingoja. Hakuna aliyejibu ila mota na mkanda wake.

Mistari ilipokutana nilichukua mkasi. Hapo mkono uligoma, maana utepe ule nimeuona shingoni mwa Prudence tangu siku za kumchumbia. Nikaukata. Nitamnunulia mwingine, na wewe ukipata nafasi ya kumwandikia usianze na hilo. Nikaubandika bila kuuvuta, kisha kwa ncha ya kisu cha mashine nikachora kila mstari kwenye chuma nikifuata utepe, ule wa tano mrefu kidogo, wa kumi mrefu zaidi na namba yake nimeigonga kwa poinson za baba, zile chapa za chuma za kugongea namba. Kazi ile inachosha shingo. Nilipobandua utepe mistari ilibaki, mingine imepinda kidogo, ungenitania nayo. Nikaufungua usukani wako wa inchi, nikafunga huu.

Shafti ya pili nilikereza bila haraka, nikisoma milimita zangu kwa macho yangu. Roulement nikaichemsha ndani ya mafuta, nikaigonga kwa mbao, ikapanda polepole, ikakaa, ikakataa kutoka. Nilibaki nimeishika kwa kitambaa mpaka ikapoa.

Mashine ya Mama Suzanne inasaga tangu Jumatatu. Siku ile ya kwanza wanawake walijaa mpaka kisimani. Denise naye alikuja, akakaa kwenye ngazi na beseni la kuazima, akangoja zamu yake. Mama Suzanne alinifungia unga, akanitazama, akaniuliza: "Weye njo ulitengeneza, peke yako? Na mukubwa wako, iko wapi?"

Nikamjibu: "Iko mu njia, mama."

Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Najua kwa nini ulikwenda. Watu waliosimama mlangoni mwako na kuuliza shemeji ni wa kabila gani, wengine bado nawaona sokoni wananunua vitunguu, na wananisalimu. Siwezi kukuambia rudi. Lakini nilipokuwa narudi na ule unga nilishikwa na hofu nyingine, na hiyo ndiyo imenifanya niandike. Naogopa utakaposikia kwa Abdoul kwamba Isidore ametengeneza usukani wa milimita, utasema moyoni: basi, wamezoea kutokuwapo kwangu, mahali pangu pamezibwa. Sivyo, yaya. Nimefanya kwa sababu watu walitaka kula. Mashine sasa inaweza kwenda bila wewe. Mimi siendi vizuri.

Nisalimie shemeji Espérance, mwambie anywe tangawizi na asilale karibu na dirisha. Nisalimie Gaël na dada yake Claire, waambie baba mdogo bado ana ile baiskeli yao, sijaiuza. Nisalimie mama mkwe wako Léonie kama mko pamoja. Muzee Michel anakusalimu, yupo macho leo. Mungu aliyewavusha maji awafunike huko mlipo, awape kazi na usingizi, na atuachie siku ya kukaa tena mezani pamoja.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Isidore

N.B. Usukani wako wa inchi nilitaka kukuletea kwa Abdoul, nikaufunga kabisa ndani ya kitambaa, kisha nikaufungua. Umetundikwa upande wako wa mashine. Na kwenye ule mpya nimegonga namba zote isipokuwa moja. Mstari wa sifuri nimeuchora, namba yake sikuigonga. Poinson yake iko kwenye droo ya baba. Hiyo si kazi ya mdogo.